Jinsi ya Kuchunguza Nyota Pacha Baridi Zenye Sumaku Kali kwa Spektra

Mwaka 1913 Gustav Eberhard na Karl Schwarzschild waliona kitu kisichotarajiwa katika spektra ya nyota Arcturus, yaani mwanga wake uliotawanywa kwa rangi zake. Katikati ya mstari mpana na mweusi wa kalisi palikuwa na uzi mwembamba unaong'aa. Wakauona pia katika Aldebaran na katika sigma Geminorum. Leo tunajua kwamba sigma Geminorum ni nyota mbili zinazozungukana kwa siku 19.6, na kwamba uzi ule ni alama ya gesi iliyopashwa joto na sumaku juu ya uso wa nyota. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuusoma uzi huo mwenyewe, awe ana darubini yenye spektrografu au ana kompyuta na intaneti tu.

Nianze na jambo ambalo wengi hulijua wakiwa wamechelewa. Spektra ya nyota pacha ni mwanga wa nyota mbili uliochanganyika, kila moja ikiwa na kasi yake na mistari yake. Sumaku ni nyongeza ndogo juu ya mchanganyiko huo. Usipoondoa kwanza mwanga wa kawaida wa nyota zote mbili, unachokipima hakina jina. Karibu kazi yote iliyo hapa chini ni maandalizi ya kutoa hesabu moja: spektra uliyopiga, toa spektra ambayo nyota hizo zingekuwa nayo kama zingekuwa tulivu.

Unachotafuta ni nini

Jua letu hujizungusha kwa siku 25 hivi kwenye ikweta yake, na madoa yake, hata wakati wa pilikapilika nyingi, hayafuniki asilimia moja ya uso wake. Sasa fikiria nyota ya aina ya K (baridi kidogo kuliko Jua, ambalo ni la aina ya G) iliyoanza kuzeeka na kuvimba. Ingekuwa peke yake ingejizungusha kivivu. Lakini ina mwenzake wa karibu, na nguvu ileile inayofanya bahari ikapwa na kujaa imeilazimisha ijizungushe kwa muda uleule wa obiti, siku mbili au tatu tu. Chini ya uso wake gesi inachemka na kupanda na kushuka. Mchemko huo ukichanganyika na mzunguko wa kasi huzaa dinamo, na dinamo huzaa sumaku. Madoa yake huweza kufunika sehemu kubwa ya uso, na kromosfia yake, tabaka la gesi lililo juu tu ya uso, hung'aa mno.

Kundi hili linaitwa RS Canum Venaticorum, na Douglas Hall ndiye aliyeliainisha mwaka 1976. Ndugu zao walio vibete, yaani ambao hawajavimba, huitwa BY Draconis. (Neno "pacha" lisikupotoshe: mara nyingi wawili hao hawafanani hata kidogo, mmoja amevimba na mwingine bado kijana kwa sura. Na "baridi" hapa ni chini ya kelvini 6000 hivi.)

Hatua ya 1: Chagua nyota, kisha hesabu usiku

Kwa kuanzia sijaona inayofaa kuliko V711 Tauri, ambayo wengi huiita HR 1099. Ina ukubwa wa mwanga wa 5.7 (namba ikiwa ndogo, nyota ni angavu zaidi), iko karibu kabisa na ikweta ya anga kiasi cha kuonekana kaskazini na kusini, umbali wake ni chini kidogo ya miaka ya nuru 100, na nyota zake zote mbili huonekana katika spektra: moja ni K1 iliyoanza kuvimba, nyingine ni kibete cha G5. Obiti yake ni siku 2.838.

Kabla ya kuamua, gawanya 1 kwa kipindi cha obiti. Kwa V711 Tauri unapata 0.352, yaani kila usiku saa ileile utaikuta nyota imesogea theluthi na kidogo ya mzunguko. Ndani ya siku 17 hukamilisha karibu mizunguko sita kamili, hivyo mtu mwenye subira ya usiku 17 mfululizo hupata awamu 17, yaani sehemu 17 za mzunguko, zilizopangana vizuri kuzunguka nyota nzima. AR Lacertae ni mtego. Kipindi chake ni siku 1.98, na ukiitazama kila usiku saa ileile utaona pande mbili tu, zilezile, kwa majuma kadhaa. EI Eridani yenye siku 1.95 ina kasoro hiyohiyo. Nyota kama hizo zinahitaji watazamaji wawili au watatu walio katika longitudo tofauti.

Ukitaka nyota ya taratibu, lambda Andromedae ina ukubwa wa 3.8 na obiti ya siku 20.5. Lakini ni mkaidi: hujizungusha kwa siku 54 hivi, haikutii sheria ya kuoanisha mzunguko na obiti. Kwa hiyo awamu ya obiti haikuambii doa liko wapi. Iache kwanza.

Hatua ya 2: Pata spektra

Huna darubini? Hazina za umma zimejaa. Kumbukumbu ya ELODIE ina spektra za darubini ya mita 1.93 ya Haute-Provence, Ufaransa, zenye nguvu ya kutenganisha ya 42,000. Hazina ya ESO, shirika la Ulaya lenye darubini Chile, ina data za spektrografu za FEROS na HARPS. PolarBase ina data za spektrografu za ESPaDOnS na Narval, ambazo zilipima hata polarizesheni, yaani mwelekeo wa mtetemo wa mwanga unaoachwa na sumaku.

Nguvu ya kutenganisha, R, ni urefu wa wimbi ukigawanywa kwa tofauti ndogo kabisa unayoweza kuiona. R ya 10,000 ni sawa na kasi ya kilomita 30 kwa sekunde. R ya 40,000 ni kilomita 7.5. Nyota ya K ya V711 Tauri huzungusha uso wake kwa kasi inayoonekana ya kilomita 40 hivi kwa sekunde, kwa hiyo mistari yake ni mipana kwa asili. R ya 10,000 inatosha kupima nguvu ya mistari ya kromosfia. Haitoshi kuchora ramani ya madoa.

Ukipiga mwenyewe, muda wa kuacha kamera wazi usizidi asilimia moja ya kipindi. Kwa siku 2.838 hiyo ni kama dakika 40. Ukizidisha, nyota inakuwa imesogea na mistari imepakana kama wino uliolowa. Uwiano wa ishara na kelele wa 100 ni mwanzo mzuri.

Usiku uleule piga pia nyota tulivu mbili tatu za aina inayolingana, kwa chombo kilekile na mpangilio uleule. Wengi huliruka hili kwa kuona ni kupoteza usiku, kisha hatua ya 5 huwakwama kooni.

Hatua ya 3: Safisha

Kutoa kiwango cha chini cha kamera, kugawanya kwa picha za mwanga sawa, kuvuna spektra na kuipa vipimo vya urefu wa wimbi kwa taa ya thoriamu na agoni au ya neoni ni kazi za kawaida. IRAF au programu za Python zilizojengwa juu ya Astropy zinazifanya. Data nyingi za hazina zimeshapitia hapo.

Mambo mawili nayasisitiza. La kwanza ni kusawazisha kontinuamu, yaani ule mwanga wa msingi ambao mistari imekatwa ndani yake. Usiruhusu programu ichore msingi huo kiotomatiki karibu na mistari ya H na K ya kalisi. Pale, kwenye nanomita 396.85 na 393.37, mistari ya nyota baridi imesongamana kiasi kwamba hakuna kontinuamu halisi. Programu itapitisha msingi juu ya vichwa vya mistari na kukupa namba nzuri isiyo ya kweli. Chora mwenyewe, tumia nukta zilezile katika kila usiku, na katika nyota zako za kulinganishia pia.

La pili ni mwendo wetu sisi wenyewe. Dunia inalizunguka Jua kwa kilomita 30 hivi kwa sekunde, na kasi hiyo hujumlishwa au hutolewa kutegemea tarehe na upande wa nyota. Wakati nao unahitaji kusahihishwa hadi kitovu cha mfumo wa Jua. Kosa laweza kufika dakika 8. Astropy hufanya yote mawili. Niliwahi kuweka alama ya kutoa pahali pa kujumlisha, na kwa wiki mbili nikaamini kwamba nimegundua nyota ya tatu katika mfumo. Tangu siku hiyo napima kwanza mistari ya oksijeni ya angahewa yetu karibu na nanomita 687: kabla ya kusahihisha, hiyo lazima ikae pale pale kila usiku. Ikitembea, kosa ni la chombo chako.

Hatua ya 4: Kasi na obiti

Chukua eneo lenye mistari mingi ya chuma na lisilo na mistari ya kromosfia, kwa mfano kati ya nanomita 640 na 650, na ulilinganishe na spektra ya nyota tulivu kwa kuisogeza hatua kwa hatua. Panapooana ndipo kasi ilipo. Kwa V711 Tauri utapata vilele viwili: kimoja kipana cha nyota ya K, kingine chembamba cha G. Vikikaribiana, karibu na wakati nyota moja inapopita mbele ya nyingine, usivilazimishe. Acha usiku huo nje ya hesabu ya obiti. Kwa mifumo ambayo nyota ya pili ni hafifu, mbinu ya TODCOR ya Shay Zucker na Tsevi Mazeh, iliyotolewa 1994, hulinganisha na violezo viwili (spektra za mfano, kimoja kwa kila nyota) kwa pamoja.

Kilele cha nyota yenye madoa huwa kimeinama upande mmoja. Doa likiwa upande unaotukaribia, hula mwanga wa upande huo, na kasi inayopimwa husukumwa upande wa pili. Ukiona pointi zimeachana na mchoro wa obiti kwa kilomita moja au mbili kwa sekunde kwa mpangilio unaojirudia, usilaumu kipimo chako haraka. Huenda umeliona doa.

Ukishapata kasi zote, chora dhidi ya awamu. Andika wazi awamu sifuri yako ni ipi, kwa sababu watafiti hawakubaliani: wengine huianza nyota yenye shughuli ikiwa mbele, wengine ikiwa nyuma. Halafu tumia nyakati za karibuni. Kipindi cha V711 Tauri chenyewe huyumba kidogo kwa miaka, na jedwali la miaka ya sabini litakupeleka kando.

Kipimo cha haraka cha kujisahihisha: kasi ya ikweta kwa kilomita kwa sekunde ni 50.6 mara nusu kipenyo cha nyota (kwa kipimo cha Jua) ugawanye kwa siku za mzunguko. Nyota ya K yenye nusu kipenyo cha 3.9 na siku 2.838 inatoa kama 70. Wewe umepima 40 hivi. Tofauti hiyo ni kwa sababu mhimili umeinama kuelekea kwetu: mwinamo, yaani pembe kati ya mhimili na mstari wa kututazama, ni digrii 35 hivi. Hesabu yako ikidai mwinamo usiowezekana, rudi nyuma.

Hatua ya 5: Jenga nyota tulivu, kisha uitoe

Hapa ndipo moyo wa kazi ulipo, na hapa usiwe na haraka.

Unahitaji kiolezo kwa kila nyota: aina ileile, nguvu ileile ya graviti kwenye uso, mzunguko wa polepole, kromosfia tulivu. Tau Ceti, ya G8, ni tulivu na angavu. Kwa nyota za K zilizoanza kuvimba, delta Eridani na eta Cephei hutumika vizuri. Panua mistari ya kila kiolezo hadi ilingane na mzunguko wa nyota yako. Kisogeze kwa kasi uliyoipata hatua ya 4. Kipe uzito kulingana na sehemu ya mwanga inayotolewa na nyota hiyo. Jumlisha viwili. Toa jumla hiyo kwenye spektra yako.

Uzito ndio unaosumbua, kwa sababu si mmoja. Nyota ya G ina joto zaidi, hivyo mchango wake ni mkubwa zaidi kwenye bluu kuliko kwenye nyekundu. Uzito uliopatikana karibu na nanomita 650 hauwezi kupelekwa kwenye mstari wa K wa kalisi bila kurekebishwa.

Mabaki yenyewe yatakuambia umekosea wapi. Katika eneo lisilo na mistari ya kromosfia yanapaswa kuwa kelele tupu. Kila mstari ukiacha umbo la S iliyolala, yaani bonde upande mmoja na kilima upande mwingine, kasi yako imekosewa. Ukiacha umbo la W au M lenye pande sawa, upana wa mzunguko ndio uliokosewa. Mistari yote ikiacha mabonde, uzito ni mdogo au kiolezo kina metali chache mno. Rekebisha, toa tena. Mimi hurudia mara sita saba. Mstari mmoja tu nauacha ubaki bila wasiwasi: ule wa lithi kwenye nanomita 670.8, maana nyota hizi mara nyingi zina lithi kuliko violezo vyake.

Sasa pima eneo lililobaki kwenye mistari ya kromosfia; likiandikwa kwa nanomita za kontinuamu, ndilo nitakaloliita upana. Kisha gawanya kwa sehemu ya mwanga ya nyota husika. Kama nyota ya K inatoa asilimia 70 ya mwanga karibu na H-alfa (mstari mwekundu wa hidrojeni) na mabaki ni nanomita 0.07, thamani yake halisi ni 0.10. Bila mgawanyo huu huwezi kulinganisha nyota yako na nyingine yoyote.

Hatua ya 6: Soma kila mstari kwa lugha yake

H na K za kalisi ndizo za kuaminika zaidi, kwa kuwa hata shughuli ndogo huonekana. Lakini kuna mtego mzuri hapa. Mstari wa hidrojeni uitwao H-epsiloni uko nanomita 0.16 tu upande mwekundu wa mstari wa H, sawa na kasi ya kilomita 121 kwa sekunde, na katika nyota kali nao hung'aa. Sasa kumbuka kwamba nyota mbili za V711 Tauri huachana hadi kilomita 115 hivi kwa sekunde. Maana yake nyota ya G ikiwa inakwenda mbali kwa kasi yake yote, mstari wake wa H hukaa karibu kabisa juu ya H-epsiloni ya nyota ya K. Mtu asiyejua ataandika kwamba nyota ya G imewaka ghafla. Tumia mstari wa K, usio na jirani, kuamua ugomvi.

H-alfa, nanomita 656.28, husema mengi lakini huchanganya. Katika V711 Tauri hung'aa juu ya kontinuamu. Katika nyota za wastani haing'ai, mstari mweusi hujazwa tu na kupungua kina. Kwa macho utasema nyota imetulia, na hapo hatua ya 5 hujilipa. Pima na H-beta, 486.13, kisha uwiano wa H-alfa kwa H-beta. Kugeuza uwiano wa upana kuwa wa nishati, zidisha kwa 0.2444 mara 2.512 iliyopandishwa kwa tofauti ya rangi B toa R (ukubwa wa mwanga kwenye bluu toa ule wa kwenye nyekundu). Jibu likiwa kati ya 1 na 2, unatazama maeneo angavu yaliyolala juu ya uso. Likizidi 3, gesi iko juu, imening'inia kama ndimi zinazoonekana kando ya Jua wakati wa kupatwa.

Mistari mitatu ya kalisi kwenye nyekundu ya mbali, 849.8, 854.2 na 866.2, ni rafiki wa kamera ndogo ambazo haziwezi kufika kwenye H na K. Heli kwenye 587.6 ni kengele ya hatari: ikigeuka kung'aa, kuna mlipuko unaendelea. Acha mpango wako wa usiku, fupisha muda wa kila picha, na ubaki hapo hapo kwa saa kadhaa.

Madoa yenyewe ni baridi kiasi cha kuruhusu molekuli ya titani oksidi kuishi, wakati uso wa kelvini 4700 hivi unaozunguka doa ni moto mno kwake. Mikanda yake iko karibu na nanomita 705.5 na 886. Inaitikia joto kwa viwango tofauti, hivyo mikanda miwili pamoja hutenganisha maswali mawili ambayo mwanga wa kawaida huyachanganya: doa lina joto gani, na lina ukubwa gani.

Hatua ya 7: Ramani, ikiwa una data za kutosha

Doa hutoa mwanga kidogo kuliko uso unaolizunguka, hivyo ndani ya mstari mweusi huacha kivimbe kidogo kinachosafiri kutoka upande wa bluu kwenda wekundu kadiri nyota inavyojizungusha. Mwaka 1983 Steven Vogt na Donald Penrod walitumia vivimbe hivyo kuchora uso wa V711 Tauri. Kivimbe kinachovuka mstari wote kwa haraka ni doa la ikweta. Kinachosuasua katikati ni doa la karibu na ncha, na kisichoondoka kabisa, kikaufanya mstari uwe na chini bapa, ni doa la nchani. Hilo la mwisho nalipokea kwa tahadhari, maana kiolezo kibovu hutoa chini bapa vilevile. Nyota yenye mhimili uliosimama wima mbele yetu, mwinamo karibu na digrii 90, ni afadhali uiache: ramani haitajua kama doa ni la kaskazini au la kusini.

Usianze ramani ukiwa na awamu chini ya kumi zilizotawanyika, na zote zikusanywe ndani ya mizunguko michache. Madoa hubadilika.

Hatua ya 8: Daftari

Kwa kila spektra andika wakati uliosahihishwa, awamu, kasi mbili, violezo na uzito wake kwa kila eneo, nukta za kontinuamu, na upana wa mabaki pamoja na kosa lake. Msimu unaofuata, utakapopiga tena nyota ileile, chakata usiku mmoja wa zamani upya kwa violezo vipya kabla ya kugusa data mpya. Namba zikitofautiana na zile za daftari, tatizo si la nyota.